Shajara ya mradi: kazi za Tsumaki Yorinaka juu ya meza moja

14 Januari 2024: Mtu, skeli na meza

Mradi wenyewe ni huu: modeli tatu za kazi za msanifu majengo mmoja wa serikali ya Japani, zikae meza moja ya karakana pamoja na kona ya ukuta wa matofali ya kweli. Watazamaji ni wanafunzi wa uashi wa mwaka wa kwanza. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwalimu mwingine akitaka kuiga asinunue vitu mara mbili.

Enzi ya Meiji (1868–1912) ina majina matatu ambayo huwezi kuyakwepa. Tatsuno Kingo ana Benki ya Japani na stesheni ya Tokyo. Katayama Tōkuma ana kasri la Akasaka. Tsumaki Yorinaka ana maghala, gereza, majengo ya forodha, kiwanda cha bia, benki moja na daraja. Picha za wale wawili wa kwanza ndizo zinazopendeza ukutani, lakini nimemchukua wa tatu. Kasri fundi atalijenga mara moja maishani, tena akibahatika. Ghala ataitwa kulijenga kila mwaka, na serikali ndiyo itakayomwita.

Skeli ni 1:200. Nilipiga hesabu ya ghala kwanza kwa kuwa ndilo refu kuliko vyote: Ghala Namba 2 la bandari ya Yokohama lina urefu wa mita 149, upana wa mita 22 na ushee, na kimo cha karibu mita 18. Kwa 1:200 linakuwa sentimita 74.5 kwa 11.3 kwa 9, na linaingia kwenye karatasi moja ya kadibodi bila kuungwa. Kwa 1:100 lingekula meza nzima peke yake. Daraja la Nihonbashi, mita 49 kwa 27, linakuwa sentimita 24.5 kwa 13.5. Tumekubaliana hapo.

2 Februari: Bango la maisha

Bango la kwanza ni la maisha yake, na ndilo kazi nyepesi kuliko zote. Naliweka hapa kwa ufupi kwa sababu modeli zote zinaliegemea.

Alizaliwa Edo, yaani Tokyo ya leo, mwaka 1859, katika familia ya watumishi wa moja kwa moja wa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani ya wakati huo. Baba alifariki yeye akiwa mtoto. Utawala wa shoguni ukaanguka 1868, na kijana wa ukoo wa namna ile akajikuta hana bwana wala urithi wa maana. Alikwenda New York akiwa bado kijana, akarudi, na mwaka 1878 akaingia Chuo cha Uhandisi cha serikali kusoma chini ya Mwingereza Josiah Conder. Tatsuno na Katayama walimaliza hapo 1879, katika kundi la kwanza la wahitimu wanne. Tsumaki hakumaliza. Aliondoka 1882 akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akapata shahada 1884, na mwaka uliofuata akarudi nyumbani kufanya kazi katika ofisi ya mkoa wa Tokyo.

Mwaka 1886 ndipo njia yake inapopinda. Serikali, ikisukumwa na waziri wa mambo ya nje Inoue Kaoru, ilitaka wizara zote zijengwe pamoja eneo la Hibiya, kwa sura ya Ulaya, ili mataifa makubwa yakubali kurekebisha mikataba ya kinyonge iliyokuwa imeibana Japani. Ikaajiriwa kampuni ya Ende na Böckmann ya Berlin. Japani nayo ikapeleka Berlin kundi la watu wapatao 20. Tsumaki alikuwa mmoja wa wasanifu watatu waliokwenda, pamoja na Watanabe Yuzuru na Kawai Kōzō. Waliobaki walikuwa mafundi: waashi wa matofali, maremala, wachonga mawe, wapaka plasta. Hapo nimeweka herufi nzito kwenye bango. Serikali ilijua kwamba mchoro wa Kijerumani usio na mwashi aliyeshika mwiko wa Kijerumani ni karatasi tu.

Inoue alijiuzulu 1887, na mpango wa Hibiya ukasinyaa hadi majengo machache, likiwemo la Wizara ya Sheria lililokamilika 1895. Ardhi ya Hibiya yenyewe ilikuwa laini mno kwa majengo mazito, ikaishia kuwa bustani ya umma. Lakini kilibaki kitu chenye thamani kuliko ramani: mafundi waliorudi na ujuzi, na kiwanda cha matofali cha Fukaya kilichoanzishwa 1887 na Shibusawa Eiichi, chenye tanuri za Hoffmann ambazo moto wake hauzimwi, unazunguka chumba baada ya chumba.

Hitilafu ya bango: duka la uchapaji liligeuza jina likaandika "Yorinaka Tsumaki" juu na "Tsumaki Yorinaka" chini, na wanafunzi wakadhani ni watu wawili, labda ndugu. Kwa Kijapani jina la ukoo hutangulia. Amueni mpangilio mmoja kabla ya kuchapa, muuandike pia kwenye jina la faili. Kuchapa upya bango moja la A2 kuligharimu Sh 8,000.

25 Februari: Ghala, kuta ndefu

Ghala Namba 2 lilianza kujengwa 1907 likaisha 1911. Namba 1 lilifuata, likaisha 1913. Yalikuwa maghala ya forodha kwenye gati jipya, na yalijengwa na idara ya ujenzi ya Wizara ya Fedha ambayo Tsumaki aliiongoza.

Kwa nini Wizara ya Fedha iwe na wajenzi wake? Wanafunzi waliuliza, na swali ni zuri. Mwaka 1898 serikali ilichukua ukiritimba wa tumbaku ya majani. Vita na Urusi vilipoanza 1904 ikachukua na utengenezaji wa sigara na tumbaku, na 1905 ikachukua chumvi. Ukiritimba unataka maghala, viwanda, ofisi za kupimia na za kukagua, nchi nzima, kwa haraka, na kila kimoja kisishike moto, kwa kuwa kilichomo ndani ni pato la serikali. Ongeza forodha za bandari. Anayeshika kamba ya majengo hayo ameshika wasanifu na mafundi wengi kuliko wizara yoyote nyingine. Tsumaki aliikalia nafasi hiyo miaka mingi.

Sasa kadibodi. Ukuta wa sentimita 74.5 uliokatwa vizuri ulipinda kama upinde ndani ya saa moja baada ya kupakwa gundi nyeupe. Sababu ni maji ya gundi: yanalowesha upande mmoja, upande huo unatanuka, kisha unakauka na kuvuta. Tulijaribu kuunyoosha kwa kuukunja upande wa pili, ukavunjika mstari katikati. Kilichofanya kazi ni haya:

Paka gundi nyembamba pande zote mbili, hata upande usiobandikwa kitu. Laza ukuta kati ya karatasi mbili za nailoni, weka matofali juu, uache hadi kesho yake. Halafu weka mbavu za kadibodi ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, kila baada ya sentimita 5.

Mbavu hizo zilituokoa mara mbili, maana ghala la kweli nalo limegawanywa ndani kwa kuta za matofali zenye milango mizito ya chuma, ili moto ukianza chumba kimoja ubaki humo. Tulizipaka rangi nyekundu, tukaacha nusu ya paa ifunguke ili zionekane. Ndani ya jengo halisi kulikuwa pia na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto na lifti za mizigo za kampuni ya Otis. Kwa 1911, kwa jengo la kuhifadhia shehena, hiyo ilikuwa anasa yenye akili.

9 Machi: Ghala, sura ya matofali

Tofali lenye unene wa sentimita 6 kwa skeli yetu ni milimita 0.3. Msichore moja moja. Tulichapa sura ya matofali kwenye stika ya A3.

Mara ya kwanza stika zote zilitupwa. Picha tuliyoitumia ilikuwa na matofali makubwa mno. Kwa skeli ya 1:200 kila moja lingekuwa na urefu wa zaidi ya nusu mita, na ghala likaonekana kibanda. Isitoshe printa ya dukani ilikuwa imewekwa "kutosheleza ukurasa", ikapunguza kila kitu kidogo, madirisha yakakataa kulingana na matundu tuliyokwisha kukata. Hasara ya Sh 10,000.

Dawa yake: chora mstari wa sentimita 10 pembeni mwa kila karatasi. Kabla hujalipa, weka rula juu yake. Usipokuwa sentimita 10 kamili, mwambie mchapaji arudie. Dawa ya matofali ni kutoyachora kabisa: mistari myembamba ya kulala tu, rangi ya kahawia juu ya nyekundu. Kwa umbali wa hatua moja jicho linajaza lililobaki.

Ghala lote: kadibodi nne Sh 20,000, gundi 4,000, visu na nyembe 3,000, stika zilizoharibika 10,000, stika nzuri 15,000. Jumla Sh 52,000.

6 Aprili: Kona ya ukuta, jaribio la kwanza

Hii ndiyo sehemu niliyoitaka tangu mwanzo, na ndiyo iliyotutoa jasho.

Tarehe 28 Oktoba 1891 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Nōbi karibu na Nagoya, likaua watu zaidi ya 7,000. Majengo mapya ya matofali, fahari ya nchi iliyokuwa inajifunza Uzungu, yaliporomoka. Kuanzia hapo msanifu wa serikali hakuweza tena kunakili ukuta wa Berlin. Berlin haitikisiki. Tsumaki na wenzake walitumia njia ya kufunga chuma ndani ya matofali: mikanda ya chuma inalazwa kwenye viungio kati ya kozi na kozi, yaani kati ya safu na safu ya matofali, na vyuma vya kusimama vinaishikanisha, ili jengo zima lishikane kwa mnyororo uliofichwa. Ameitumia kwenye benki ya Yokohama na kwenye maghala.

Tulijenga kona mbili zenye umbo la L, kila moja juu ya ubao wake mnene: mkono mmoja urefu wa matofali matatu, mwingine mawili, kozi tisa, chokaa na mchanga. Moja tupu, nyingine yenye mikanda ya chuma tuliyoikata kutoka kwa muuza vyuma chakavu. Chini ya ubao, vipande vya bomba. Kwenye sakafu, vizuizi viwili vya mbao vinavyoruhusu ubao usogee sentimita 5 tu kwenda na kurudi. Wanafunzi wawili wanavuta kamba kwa zamu huku wa tatu akihesabu kwa sauti ili mwendo uwe sawa kwa kona zote mbili. Wengine wote wakae nyuma ya mstari. Kona moja ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ikianguka haichagui mguu.

Matokeo: zote mbili zilianguka. Chokaa ilikuwa ya wiki moja, bado laini kama jibini, na mikanda yetu ilichomoka safi kabisa kutoka kwenye viungio. Kona ziliachana pale pale pembeni, mkono huku na mkono kule, yenye chuma na isiyo na chuma hazikutofautiana.

Mzee mmoja fundi mwashi, aliyekuja kutusaidia kuokoa matofali yasivunjike, alishika mkanda mmoja akaugeuzageuza.

"Mwalimu, hiki umekikata pembeni kwa nini?"

Nikamweleza kwamba kila ukuta ulipata mkanda wake.

"Basi umefunga kila ukuta peke yake. Palipotaka kufungwa ni kwenye kona. Halafu mnyoofu hivi, utashika nini? Ukunje ncha, ushuke ndani ya kiungio."

Ukitazama tena maelezo ya mbinu ile, ndicho kilichokuwa kimeandikwa humo: vyuma vinazunguka jengo na kuungana, vina ncha za kushika kama nanga. Tulisoma "mikanda" tukaishia hapo.

18 Mei: Kona ya ukuta, jaribio la pili

Mabadiliko matatu. Chokaa iliongezewa saruji kidogo na kuachwa ikomae kwa zaidi ya mwezi, ikifunikwa magunia yaliyoloweshwa. Mikanda sasa ni kipande kimoja kinachopinda kwenye kona, ncha zimekunjwa sentimita 4 kuelekea chini. Na vyuma viwili vya kusimama vinapita kwenye matundu ya mikanda, kimoja kwenye kona na kimoja mwisho wa mkono mrefu.

Kona tupu ilianza kufungua ufa kwenye pembe, kutoka juu kwenda chini, ukifuata viungio kama ngazi. Mkono mfupi uliachana, ukaanguka mzima.

Kona yenye chuma ilipata ufa pia. Lazima niliandike hili, kwa sababu wanafunzi walitaka kusema haikuguswa. Ilipasuka kozi ya chini kabisa, karibu na ubao, na tofali moja la juu lililegea. Lakini pembe haikufunguka, na tulipoendelea kuvuta ilibaki imesimama. Chuma hakizuii tofali kupasuka. Kinazuia vipande visiachane, na muda huo ndio watu wanaoutumia kukimbia.

Sasa ndipo nilipowasimulia 1 Septemba 1923. Tetemeko la Kantō liliivunja Yokohama. Ghala Namba 1 liliharibika vibaya, na lililobaki likatengenezwa likawa na urefu wa mita 76, karibu nusu ya lile la awali. Namba 2 lilisimama. Maghala mawili ya msanifu mmoja, mbinu moja, kiwanja kimoja, na moja likapona kuliko jingine: hilo nalo nimeliacha kwenye bango bila kulipamba. Yaliendelea kutumika kama maghala hadi 1989, jiji la Yokohama likayachukua 1992, na tangu 2002 ni maduka, migahawa na kumbi.

Gharama ya kona: matofali ya kuchoma 100 kwa Sh 200 ni 20,000, chokaa mara mbili 18,000, mchanga 3,000, chuma 5,000. Jumla Sh 46,000. Matofali tuliyasafisha na kuyatumia tena. Msitumie matofali ya bloku kwa zoezi hili, ni mazito na viungio ni vichache mno.

15 Juni: Benki na kuba lake

Makao makuu ya Benki ya Yokohama ya Fedha za Kigeni, 1899 hadi 1904. Hapa ndipo Berlin inapoonekana waziwazi kwenye kazi ya Tsumaki: nguzo kubwa zinazopanda ghorofa baada ya ghorofa, mawe juu ya matofali, na kuba la pembe nane lililozungukwa na sanamu za pomboo. Usimamizi wa kila siku pale kiwanjani ulikuwa wa Endō Oto. Nimeliandika jina hilo kwenye bango kwa makusudi.

Kuta zilikwenda haraka, kwa kuwa somo la gundi tulikwisha kulilipia. Tatizo lilikuwa kuba. Tulinunua mpira wa plastiki, tukaukata nusu, tukaupaka rangi. Ulionekana msikiti. Kuba la Tsumaki si la duara: lina pande nane zenye makunjo makali, na mwanga hulala upande kwa upande.

Njia iliyofaa ni hii. Chora umbo la kuba likitazamwa kutoka ubavuni, kutoka kitovu hadi katikati ya upande mmoja. Ligawe kwa kimo katika mistari kumi. Kwenye kila mstari pima umbali kutoka kitovu hadi nje, zidisha kwa 0.83, na hicho ndicho upana wa kipande mahali hapo. Urefu wa kipande usipime kwa kimo. Upime kwa kufuata mpindo, kwa uzi. Kata vipande nane, acha ukingo wa milimita 3 wa kubandikia, viunganishe viwili viwili, kisha vinne vinne. Sisi kwanza tulitumia kimo badala ya uzi, na kuba likawa fupi, limekaa kama kofia iliyokaliwa. Karatasi ya manila inatosha, kadibodi ni nene mno kwa mpindo huu.

Swali lililofuata: tunaonyesha mwaka gani? Moto wa 1923 ulilichoma kuba pamoja na sehemu za ndani, ingawa kuta zilisimama na watu mia kadhaa waliokimbilia humo wakaokoka. Jengo liliishi bila kuba hadi 1967, lilipogeuzwa makumbusho ya mkoa wa Kanagawa na kuba likajengwa upya. Kwa hiyo kuba letu halikubandikwa. Linakaa juu ya pini mbili, na mwanafunzi anayeeleza historia analitoa akifika 1923, analirudisha akifika 1967.

Gharama: kadibodi mbili 10,000, mpira 2,000 (hasara), stika 5,000, rangi 6,000. Jumla Sh 23,000.

20 Julai: Daraja

Nihonbashi ndipo barabara za Japani zinapoanzia kuhesabiwa. Daraja la mawe lenye matao mawili lilifunguliwa 1911. Uhandisi ulikuwa wa jiji la Tokyo, Tsumaki akapewa sura yake: nguzo za taa, mapambo, mpangilio wa sanamu za shaba nyeusi zilizofinyangwa na Watanabe Osao, yaani simba walioshika nembo ya jiji, na kirin, mnyama wa hadithi, ambaye hapa amepewa mabawa. Maandishi ya jina la daraja yaliandikwa na Tokugawa Yoshinobu, shoguni wa mwisho. Mtoto wa familia iliyomtumikia shoguni, sasa ofisa wa serikali iliyomwondoa, anaweka mwandiko wa bwana wa zamani juu ya daraja la jiji. Sijui kazi nyingine ya enzi ile inayoziba pengo la 1868 kwa ustaarabu namna hii.

Tulimimina kwa POP (plasta ya Paris) kwenye kalibu ya kadibodi. Kalibu ya kwanza ililowa na kuvimba, matao yakatoka na tumbo. Ya pili tuliipaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, ikatoka safi. Koroga POP kwa kumimina unga ndani ya maji, si maji ndani ya unga, na usigongegonge ndoo baada ya kuanza kushika. Simba hawafanyiki kwa 1:200. Tumeweka mchoro mkubwa pembeni, na juu ya daraja vijiti vya taa tu.

Halafu barabara ya juu. Mwaka 1963, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, barabara kuu ya kasi ilijengwa juu ya mto na kulifunika daraja. Wengi kati yetu walitaka tuiache, kwa kuwa inaharibu modeli. Nilikataa. Tumeikata kwa hadibodi, ikakaa kama kifuniko juu ya nguzo zake. Kuitoa ndiyo kazi inayowapendeza wageni kuliko zote, na Tokyo yenyewe imeanza kazi ya kuishusha barabara hiyo chini ya ardhi.

POP 18,000, hadibodi 8,000. Sh 26,000.

31 Agosti: Bunge

Tulipanga modeli ya nne: ukumbi wa Bunge wa muda wa Hiroshima wa 1894. Wakati wa vita na China, mfalme na makao makuu ya jeshi walihamia Hiroshima, na Bunge likalazimika kukutana huko Oktoba. Tsumaki alisimamisha ukumbi wa mbao kwa wiki chache tu. Tulianza na vijiti vya aiskrimu, tukaacha. Picha zipo, ramani yenye vipimo hatukuipata, na modeli ya kubahatisha ingewafunza wanafunzi kubahatisha. Imebaki aya kwenye bango la tatu. Vijiti vilitumika kwenye gati la ghala.

Lakini Bunge ndilo lenye kisa. Jengo la kwanza la muda mjini Tokyo lilikamilika Novemba 1890 na kuungua Januari 1891. Likajengwa la muda jingine. La kudumu lilikuwa ndoto ya Tsumaki, na ofisi yake ya Wizara ya Fedha iliona ni haki yake. Tatsuno, akiwa kinara wa wasanifu walio nje ya wizara, alipinga: jengo la taifa lishindaniwe na wasanifu wote. Tume ilikaa 1910, mabishano yakawa makali, fedha hazikutoka. Tsumaki aliacha kazi 1913 akiwa mgonjwa, akafariki Oktoba 1916. Shindano likatangazwa 1918, akiwa hayupo. Tatsuno naye alifariki 1919, kabla msingi haujachimbwa.

Mabango yote manne, pamoja na lile la kurudiwa, ni Sh 32,000. Mradi mzima, tangu kadibodi ya kwanza, umefika Sh 179,000. Ukiondoa makosa tuliyoyaandika humu, mwingine anaweza kuufanya kwa takriban Sh 150,000.

Ubishi wa mwisho ulikuwa kuhusu picha ya jengo la Bunge lililopo leo, lililokamilika 1936. Mwanafunzi mmoja alisema: "Mwalimu, hili si lake. Tulitoe mezani." Mwenzake akajibu kwamba lilijengwa na idara ileile. Wote wawili wana hoja. Mchoro ulioshinda ulikuwa wa Watanabe Fukuzō wa wizara ya mambo ya kasri, lakini uliofanyiwa kazi na kujengwa ulipita mikononi mwa ofisi ya Wizara ya Fedha, chini ya Yabashi Kenkichi, aliyekuwa chini ya Tsumaki, kisha Ōkuma Yoshikuni. Picha imebaki mezani. Chini yake tumeandika majina hayo matatu kwa mpangilio huo, na la Tsumaki hatukuliweka.